Mwaka wa Neno Moja

Faiza alinipigia simu baada ya adhuhuri, akaniambia baba yake amekufa, na kabla sijapata kusema inna lillahi akaniuliza kama nitakuja matangani au nitabaki Mtwapa na kinyongo changu. Nikamwambia nitakuja. "Njoo basi," akasema, "watu waone kuwa marehemu alikuwa na jamaa." Akakata simu. Faiza ni binti wa pekee wa ami yangu Hamza, na tangu utu uzima wetu hatujawahi kuketi tukazungumza kwa wema. Nilivaa buibui, nikapanda gari mpaka Makadara, nikaingia Mji wa Kale kwa miguu, na nilipofika kwenye nyumba ya Ami nikapanda ngazi. Juu, wanawake walikuwa wamekaa mikekani wakisoma, na baina ya kisomo na kahawa walikuwa wakimsifu maiti. Mmoja alisema marehemu alikuwa mpole. Mwengine akasema alikuwa mtu wa maneno machache. Hilo la pili ni kweli, na ndilo lililonikaa kooni, kwa kuwa mimi niliishi naye karibu mwaka mzima chini ya dari ile ile, nikiwa msichana aliyetoka shule juzi, na najua uchache wa maneno yake ulitaka kumfanyia nini dada yake.

Nilikuwa nimefeli Kiingereza. Masomo mengine nilipita, lakini bila Kiingereza chuo cha ualimu kisingenichukua. Ami Hamza alikuwa amefanya kazi ya ukalimani kortini kwa miaka mingi, na wakati ule alikuwa karani mkuu katika ofisi ya wakili mmoja. Alipopata habari yangu alituma ujumbe kwetu Vanga: aletwe kwangu, nitamfunza mwenyewe, na mwisho wa mwaka nitamwandikisha arudie mtihani. Nyumbani walishukuru sana. Nikapelekwa na sanduku la bati na chupa ya samli. Ami alinifungulia mlango mwenyewe, akanitazama toka juu hadi chini, akaniuliza kwa Kiingereza safari ilikuwaje. Nikaanza kumweleza, kwa Kiingereza changu cha kukokota, kwamba gari liliharibika njiani, tukashuka, tukasubiri, mvua ikatunyea. Akainua kidole. "Tedious," akasema. "Hilo lote ulilolisema ni neno moja. Safari ndefu yenye kuchosha bila ya faida. Tedious. Liseme." Nikalisema nikiwa bado nimeshika sanduku.

Nyumba ilikuwa ya orofa moja, si mbali na Ngome ya Yesu, katika kichochoro chembamba ambacho jirani wa ng'ambo akipiga chafya wewe humwombea rehema bila kuinuka kitini. Mchana tulisikia waongoza wageni wakipita chini na watalii wao, wakieleza nakshi za milango, na Ami akiwa yupo alikuwa akitabasamu kwa dharau na kusema, "Wanalipwa kwa urefu wa uongo." Kulikuwa na sebule yenye meza ndefu, chumba cha Ami kilichokuwa kikinuka karatasi na mafuta ya nywele, na chumba kikubwa cha nyuma ambamo mama yao, ambaye si aliyemzaa baba yangu, alilala mgonjwa miaka mingi mpaka akafa. Humo sasa alikuwa akilala Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa Ami, ambaye hakuwahi kuolewa. Mimi nilipewa kijichumba kando ya jiko. Ukuta wake haukufika darini, kwa hivyo moshi wote ulikuwa wangu, na maneno yote pia.

Shangazi hakunitaka. Namwelewa sasa, ingawa kumwelewa hakunifanyi nisahau jinsi siku zile zilivyokuwa. Aliniona nimeletwa na nduguye, nafunzwa lugha ya nduguye, nala upande wa nduguye, basi mimi ni mtu wa nduguye. Nilipomwamkia asubuhi, "Sabalkheri, Shangazi," alikuwa akijibu akiwa amenipa mgongo. Akipika samaki wa kupaka, mimi nilipata mkia. Akikaanga mahamri, yale yaliyoungua upande yalikuja kwangu. Mara moja nilimwambia nataka kumsaidia kukuna nazi. Akaniambia, "Wewe nenda kasome. Hii nazi haina Kizungu," akavuta mbuzi yake ya kukunia akakaa akikuna kwa nguvu mpaka nikaondoka. Vanga sikuwa nimezoea kuchukiwa. Nilikuwa nikilia nikiwa nimejifunika, kisha nikajifunza kutolia, kwa kuwa kwa ule ukuta alikuwa akisikia, na kesho yake mkia ulikuwa mdogo zaidi.

Masomo yalikuwa wakati wa chai ya asubuhi, kabla Ami hajaenda ofisini. Alikuwa na imani yake, akiieleza huku akichovya hamri katika mbaazi. Katika mtihani, alisema, kuna sehemu nzima ambapo wanakupa sentensi ndefu nawe uandike neno moja linalobeba yote. Watoto wa Pwani hufeli hapo. "Mswahili ukimuuliza jina lake aanza na safari ya babu yake," alikuwa akisema. "Miaka yote ile kortini nilikuwa nikiwaona. Hakimu auliza, ulimwona mshtakiwa? Shahidi ataka kueleza alikuwa ametumwa wapi, na nani, na chumvi ilikuwa imekwisha. Hakimu hana wakati. Mimi nikisikiliza yote, nampa hakimu neno moja. Ndivyo nilivyojenga jina." Kisha anaanza, kwa Kiingereza. "Mtu asiyejua kusoma wala kuandika." Nami najibu, "Illiterate." "Mtu anayesikiliza kwa siri mazungumzo ya watu." "Eavesdropper." "Kutoroka na mchumba ili mkaoane bila ya ridhaa ya wazee." Hilo nililisema kwa haya: "Elope." Nikikosea, alikuwa akiisogeza sahani ya mahamri mbali na mimi, polepole, bila ya kunitazama. Nikipata, aliirudisha.

Ni lazima niseme pia kwamba niliyapenda yale maneno. Nikisema kuwa nilifunzwa kwa nguvu tu, nitakuwa nimedanganya. Nilipopatwa na malaria, Ami alikuja mlangoni kwangu kila jioni na uji, na siku homa ilipovunjika akasimama pale na bakuli lake akasema, "Mtu aliyekuwa mgonjwa na sasa yuwapata nafuu taratibu." Nilikuwa silijui. "Convalescent," akasema, akalitamka mara ya pili kwa upole, akaniwekea uji karibu na mkono. Nililala nikilirudia kimoyomoyo. Lilikuwa zuri. Nilihisi kwamba mahali fulani kulikuwa na watu walioiona hali yangu ile, wakaitafutia jina. Mtu huyo huyo ndiye ninayemchukia, na ndiyo sababu chuki yangu haijawahi kupata mahali pa kutua vizuri. Angekuwa mkatili moja kwa moja ningemsahau zamani.

Asubuhi moja Shangazi alikuwa akiweka birika mezani. Ami hakumtazama. Akanitazama mimi, akasema kwa Kiingereza, "Mwanamke mtu mzima ambaye hajaolewa, na ambaye hapana tena anayetarajia kuwa ataolewa." Nilijua jibu. Tulikuwa tumelipitia wiki ile. Mkono wake ukaenda kwenye sahani. "Spinster," nikasema. Ami akacheka kidogo, ndani ya pua. Shangazi alisimama na birika, akamuuliza nduguye, "Wasemani?" Ami akasema, "Masomo, dada. Kiingereza." Shangazi akarudi jikoni. Lakini baada ya Ami kushuka ngazi, alikuja akasimama mbele ya meza, mikono bado ina unga.

"Lile neno ni mimi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Lina maana gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia lote, mpaka lile la kuwa hapana anayetarajia. Alisikiliza bila kubadilika uso.

"Na hayo yote wao wameyatia katika neno moja?"

"Ndiyo."

"Wavivu," akasema.

Akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza aketi nami meza moja. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye hakukosa mume. Aliposwa na watu watatu, na wa mwisho, fundi wa dhahabu, alikwisha kutoa mahari, na nguo za harusi zilikuwa zimekwisha kushonwa, mama yake alipoanguka msalani na upande mmoja wa mwili ukafa. Hamza wakati ule alikuwa na kazi mpya ya korti na mke mpya. Mwanaidi akarudisha mahari. Fundi wa dhahabu alisubiri mwaka, kisha akaoa mwengine. "Muulize Hamza neno la hayo," akasema. "Muulize Wazungu waliyaitaje." Akainuka akaenda kugeuza mahamri yake. Siku ile mchana nilipata kipande cha katikati cha samaki, lakini alikitua mbele yangu kwa kishindo, kama mtu anayelazimishwa.

Baada ya hapo nilianza kumsikiliza zaidi kwa ule ukuta. Alikuwa akizungumza peke yake akipika, na mwanzoni ilinitisha. "Mama, nazi hii ina maji tu. Mama, leo nguru hawakuteremka, nimenunua samaki changu wawili. Hamza yuwarudi na njaa, twafanyaje?" Kisha kimya kidogo, kama anayepokea jibu, kisha vyungu vinaendelea. Nilikuja kuelewa. Mama yao alilala miaka yote ile chumba cha nyuma, hawezi kuinuka lakini sauti anayo, na alikuwa akiupika wali kwa mdomo kutoka kitandani. Chumvi, mwanangu. Punguza moto. Mwanaidi alikuwa amejibu maswali yale muda mrefu sana hata mama alipokufa hakuona sababu ya kuacha. Mimi nilizoea. Ilikuwa inanipa usingizi wa mchana, ile sauti yake ikiuliza na kujijibu.

Alasiri moja yule wakili aliyekuwa tajiri wa Ami, mwenye kumwajiri, alikuja nyumbani. Walikaa sebuleni wakizungumza Kiingereza, na Ami alipaza sauti, kwa kuwa mtu pekee aliyedhani yupo nyumbani alikuwa dada yake, na dada yake kwake alikuwa sawa na kiti. Mimi nilikuwa chumbani nikikunja nguo. Nilielewa kwamba kuna watu wanataka kuinunua nyumba waifanye ya kulaza wageni. Nilielewa kwamba Shangazi ana fungu lake katika urithi wa mama yao, dogo kuliko la nduguye, lakini bila ya ridhaa yake nyumba haiuziki, na kwamba aliulizwa mara mbili akakataa mara mbili. Kisha wakili akauliza jambo kwa sauti ya chini, na Ami akajibu kwa neno moja ambalo sikulijua. Wakili akalirudia, akalipima mdomoni. Akasema kama ni hivyo, mahakama yaweza kumpa Ami mamlaka ya kumwamulia, ila patahitajika shahidi anayeishi nao, mtu asiyekuwa na faida ya nyumba ile. Ami akasema, "Yuko."

Kesho yake, mezani, alinipa neno lenyewe. "Mtu mzima ambaye akili zake zimepungua kwa sababu ya umri." Nikasema silijui. "Senile," akasema. "Liandike akilini. Litakuja." Nilidhani asema mtihani. Siku chache baadaye akanieleza lililobaki, kwa utulivu, akinimiminia chai mwenyewe. Dada yake azungumza na maiti. Dada yake aliwahi kuacha chungu motoni kikaungua mpaka jirani wakaja. Dada yake huweka vikombe viwili palipo mtu mmoja. Yote haya nimeyaona au sijayaona? Nikasema nimeyaona. Basi nitaitwa mbele ya hakimu, nitaulizwa, na nijibu kwa Kiingereza ili hakimu aone nimesoma.

"Watakuuliza hali yake. Sema neno moja. Usieleze."

"Ami, Shangazi si mgonjwa."

"Sikukuuliza ugonjwa. Nimekufunza neno, ukiulizwa ulitumie." Akanywa chai. "Kuandikishwa mtihani kwataka sahihi ya mlezi. Mlezi wako hapa ni nani?"

Hakungojea jibu. Alivaa koti akaenda ofisini, na mimi nilibaki na ile chai aliyonimiminia, imejaa juu, mpaka ikapoa ikafanya utando.

Sikumwambia Shangazi. Nilitaka, lakini kila nilipoingia jikoni alikuwa ananitazama kana kwamba nimekuja kuiba, na mimi pia nilikuwa na hasira zangu juu yake. Sikumpenda. Watu wakisikia kisa hiki hudhani nilimpenda. Nilikuwa na miezi ya kula mahamri yaliyoungua. Nilikuwa na Vanga ya kurudi na aibu ya kurudi. Nilijua kwamba nikisema lile neno nitasomea ualimu, na nyumba itauzwa, na Shangazi atapelekwa kwa jamaa mahali fulani akapikie watu wengine. Nililifikiri jambo hilo sawasawa, kwa siku nyingi, kama mtu anayelipima, na mpaka asubuhi ya korti sikuwa nimeamua.

Ilikuwa chemba ya hakimu, si ile korti kubwa. Hakimu alikuwa mtu wa bara, mpole wa uso, amechoka. Mkalimani alikuwa kijana aliyefunzwa kazi na Ami mwenyewe, naye alimwamkia Ami kwa heshima kubwa. Shangazi aliketishwa kwenye benchi pembeni, buibui lake limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Alikuwa ameambiwa tu kuwa ni shauri la nyumba. Wakili alinisimamisha akaniuliza jina langu na ninapoishi, nikajibu kwa Kiingereza, na nikaona Ami akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniuliza: wewe unayeishi naye, waweza kuieleza mahakama hali ya akili ya shangazi yako?

Neno lilikuwa tayari. Nilikuwa nalihisi mdomoni. Lililonizuia halikuwa wema. Nilimwona Ami ameinua kidole kimoja juu ya goti lake, kama anavyofanya mezani, akinihesabia neno moja, na mwili wangu wote ukakataa kile kidole. Nikamwambia hakimu naomba kusema Kiswahili.

Nikasema. Nilisema shangazi yangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri, hawashi taa kwa sababu hataki kumwamsha nduguye. Nilisema ajua bei ya nguru na ya changu kwa kila muuzaji, na nani hulowesha mchicha maji uonekane mpya. Nilisema chungu kiliungua siku jirani alipojifungua, akatoka mbio kwenda kumshika, akarudi na damu mpaka viwikoni, na mtoto yu hai. Nilisema azungumza na mama yake, ndiyo, kila siku, kwa kuwa mama yake alikuwa akimuuliza kila siku kwa miaka yote aliyolala, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akijibu. Nilisema vikombe ni viwili kwa sababu kimoja ni cha mamake, na kile cha mamake hukinywa yeye mwenyewe kikipoa, hakimwagi. Nilisema alirudisha mahari ya fundi wa dhahabu. Nilisema hata lile la msalani. Mkalimani alianza kunifuata, kisha akabaki nyuma, kisha akaweka kalamu chini. Nilipomaliza, hakimu akamuuliza nimesema nini, maana kumbukumbu za korti zilikuwa za Kiingereza. Kijana akamtazama Ami, akanitazama mimi, akasafisha koo, akasema kwa Kiingereza sentensi moja fupi: anasema huyu mama ni mzima.

Hakimu akamgeukia Shangazi, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha bara, kama ajua kwa nini ameletwa hapa. Shangazi akasimama. "Najua sasa," akasema. "Ndugu yangu ataka kuuza chumba alichofia mamangu, na mimi sitaki. Alidhani nimesahau kuwa sitaki." Hakimu akaandika. Shauri likaishia pale.

Nilitoka nje nikidhani labda Shangazi atanishika mkono. Alinipita. Tulitembea mpaka nyumbani yeye mbele mimi nyuma, hakugeuka, na tulipofika juu alivua buibui akalitundika, ndipo akaniambia. "Nani alikutuma umweleze mwanamume nisiyemjua habari za mamangu msalani?" Nikasema nilitaka wajue. "Hayo yalikuwa yangu. Sikuwa na mengine. Umeyatoa yote, mbele ya yule kijana, mbele ya wakili." Alikuwa halii. Alikuwa amekasirika hasa, mishipa ya shingo imesimama. "Ungesema mzima, ukanyamaza." Nilikuwa nimemwokolea nyumba kwa kumvua nguo, na yeye aliona uchi kwanza.

Ami alirudi magharibi, akaoga, akaswali, akaketi mezani. Shangazi aliweka chakula cha mtu mmoja mmoja katika sahani mbalimbali, jambo ambalo halikuwahi kufanywa nyumba ile, akabeba yake akala jikoni. Ami alikula wali wake wote. Kisha akafuta mikono akasema, bila ya kupaza sauti, "Mtu aliyetendewa wema akalipa ubaya." Nilikuwa nalijua. Tulikuwa tumelipitia mwezi wa kwanza. Akasubiri kama anavyosubiri siku zote, sahani imesogezwa mbali. "Ingrate," nikasema mwishowe, "na si mimi." Akatikisa kichwa kuafiki lile neno tu, naapa, kwa kuwa lilikuwa sahihi. Akasema, "Kesho uondoke." Hakuniambia neno lingine mpaka alipokufa.

Mwalimu mmoja mwanamke aliyekaa Mbaraki, mama Mkristo aliyewahi kunisomesha shuleni kwa muda, alinichukua kwake na kuniandikisha mtihani kwa sahihi yake. Nililala sebuleni kwake mpaka mwisho wa mwaka, nikisikia honi za meli na mafundi wa gati la bandarini wakienda kazini. Karatasi ya Kiingereza ilipofunguliwa, ile sehemu ilikuwepo, ukurasa wa pili, sentensi ndefu upande mmoja na mstari mtupu upande mwingine. Niliijaza yote bila kuinua kichwa. Kila jibu nililisikia kwa sauti yake. Nilifaulu vizuri, nikaingia chuo, nikafundisha Kiingereza mpaka nilipostaafu, na hakuna mwaka niliofundisha ile sehemu nikaacha kumsikia mtu yule akichovya hamri katika mbaazi. Kila nilichokula maishani nilikula kwa maneno ya Hamza. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, wala halipungui.

Jioni ya matanga, wageni walipopungua, Faiza alinikuta jikoni nikiosha masufuria. Alifunga mlango. Faiza hakuwepo mwaka ule. Mama yake alikuwa amekwisha kuachika nao walikuwa wakikaa Tanga, na yote ayajuayo aliyasikia kwa baba yake. Akaniambia baba yake alisema mimi ndiye niliyemharibia maisha. Aliaibika kortini mbele ya watu aliowafunza kazi, wakili akamwondoa, na akaishi uzee wake wote katika nyumba asiyoweza kuiuza, na dada asiyesema naye. Nikamuuliza kama ni kweli hawakuwahi kusemezana. "Kamwe," akasema. "Akili za Baba zilipoanza kupotea, Shangazi ndiye aliyemlisha. Kijiko kwa kijiko, mpaka Shangazi mwenyewe alipokufa. Hakumwambia hata bismillahi kwa sauti. Mimi nikija naona, naondoka nikalie nje." Akavuta pumzi. "Kiingereza chote kilimtoka. Jina lako pia. Alikuwa akiuliza tu, yuko wapi yule msichana aliyeleta samli kutoka Vanga, yule aliyesema sana."

"Akiuliza kwa uzuri au kwa ubaya?"

"Sijui. Wewe ndiye mwalimu."

Nilisuuza sufuria nikaiweka juu chini. Alikuwa anangoja kitu kutoka kwangu, na nilijua ni nini.

"Siwezi kumlilia, Faiza," nikamwambia. "Nimejaribu tangu adhuhuri. Machozi hayaji."

"Basi usije arubaini," akasema. "Sitaki mtu wa kuja kukaa tu na uso huo."

"Nitakuja."

"Nimekwambia usije."

"Nimesikia. Nitakuja."

Siku ya arubaini nilikwenda mapema, kabla ya wageni. Faiza alifungua mlango, hakuniamkia. Akanipa kisu na karai la viazi, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kukaa, karibu na yeye, nami nikakaa nikaanza kumenya.